Suti ya Kaka, Mabega Yangu

Fundi aliniambia nisipumue. Mimi ni mtii sana pale utii unapokuwa na kichekesho ndani yake, nikamuuliza nisipumue mpaka lini, maana harusi yenyewe ni mwezi ujao.

Hakucheka. Alikuwa amebana pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni huchagua vya kuchekea. Akanisukuma bega kwa kidole gumba, nikanyooka.

Nilikuwa nimesimama juu ya kisanduku cha mbao mbele ya kioo kirefu, mikono nimeitanua kama sanamu ya kufukuzia ndege. Mwilini nilikuwa na koti la majaribio, lile la kitambaa cheupe cha bei ya chini ambalo fundi hulishona kwanza ili akikosea asilie. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umeshikizwa, mwingine unaning'inia, na ubavuni kote ni pini. Kila nikijisogeza, pini moja inanikumbusha mahali pangu.

Suti haikuwa yangu, wala harusi haikuwa yangu. Changu pale kilikuwa mwili tu, na huo nao nilikuwa nimeuazimisha.

Kaka yangu ni mhandisi. Anajenga daraja huko mbali, mahali ambapo likizo hupimwa kwa kijiko. Alikuwa amepewa siku za kuja kuoa na kurudi kazini, za kuja kupimwa suti hakupewa. Lakini Mungu alipotuumba mimi na yeye alitumia kipimo kimoja, bega kwa bega, kiuno kwa kiuno. Tofauti yetu ni rangi na tabia. Yeye mweusi tii, mimi maji ya kunde. Yeye mtu wa maana, mimi mtu wa maneno. Tangu utotoni nguo zikimchosha hushukia kwangu. Nimevaa sare zake, viatu vyake, hata mikanda iliyokwisha kuzoea tumbo lake. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba na waziri wa kila wizara katika familia, akapata wazo mara moja: mdogo apimwe, mkubwa avae. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kaka angevaa kitu baada yangu.

Ningefurahi sana, kama si yule aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha, mkoba magotini, akiletewa majora ya vitambaa achague.

Nyumbani tunamwita Nesi, kwa kazi yake. Ndiye mchumba wa kaka. Ndiye shemeji yangu.

Neno shemeji mnalijua lilivyo. Ni tamu mdomoni, kumbe ni ukuta. Shemeji unaruhusiwa kumtania, kumbebea mizigo, kumwita mke wangu mbele ya watu wote na watu wote wakacheka. Unaruhusiwa kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Wazee wa pande mbili walikuwa wameelewana, naye Nesi akakubali kwa sababu kaka ni mtu mwema. Na kweli ni mwema. Laiti angekuwa mshenzi, ningemshukuru. Ni yeye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, ni yeye aliyenibeba mgongoni siku ya mazishi ya baba ili nisikanyagwe na watu. Akaniagiza kwa simu nimsindikize shemeji yangu kwenye shughuli zote za maandalizi, asisumbuke peke yake. Nikamsindikiza. Tukaenda kuona ukumbi, tukaenda kuchapisha kadi, tukaenda kubishana na mwenye viti. Na kwa kuwa sijui kutembea na mtu nikiwa nimenyamaza, nikawa namchekesha.

Siku moja mvua ikatukamata chini ya kibaraza cha duka la vyombo. Nikamwigizia yule mwenye ukumbi anavyozungumza kupitia puani, Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla. Akasema bila kunitazama, "Usinichekeshe tena, shemeji. Naomba."

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba akifika nyumbani, hilo ndilo analolikumbuka.

Hatukusema zaidi ya hapo. Hatukugusana hata kidole. Lakini tangu siku ile akiniita shemeji, analitamka kama mtu anayefunga mlango halafu anausukuma kuhakikisha umefunga.

Basi ndiyo hivyo, nimesimama juu ya kisanduku, nimetobolewa tobolewa na pini, na ninayempenda anamchagulia mume nguo juu ya mwili wangu.

Shangazi alikuwa ameshachagua kabla hata hatujaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jora la sufu ya bluu iliyokolea, nzito, akaifinya ngumini kwa nguvu zake zote, akafungua ngumi. Kitambaa kikanyooka chenyewe bila hata mkunjo mmoja. Akatutazama kama amewaumbua wezi. Hiyo, akasema, ndiyo nguo ya mume wa mtu. Nguo isiyokunjamana hata ikibanwa.

Fundi alimkubalia nusu. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye maneno mengi kuliko vifungo vya dukani mwake, na mara pini zilipomtoka mdomoni hakuna aliyeweza kumzuia. Akasema kitambaa kizuri si kile kizuri rafuni. Ni kile kinachomjua mvaaji. Mtu wa jasho ukimvika sufu nzito, atazimia kabla ya kukata keki. Mtu wa kukaa ovyo ukimvika kitambaa chepesi, magoti yatatoka vifuko kama ya ngamia. Na akaonya kwamba mkasi wake ukishapita, kitambaa ni cha mwenyewe, hakirudi rafuni hata kwa machozi, kwa hiyo tuseme yote sasa. Akamgeukia Nesi. Shangazi anamjua mtoto aliyemlea, akasema, lakini wewe ndiwe utakayeishi na mtu mzima. Nijibu wewe.

"Bwana wetu anatoka jasho?"

"Sana," Nesi akajibu huku macho yake yako kwenye jora la kijivu mapajani mwake, kiganja kinalipapasa taratibu. "Hasa mgongoni. Hata asubuhi kukiwa na baridi, akitembea kidogo tu shati limeshika."

Mgongo wangu ukalowa papo hapo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Kaka yangu hatoki jasho. Angeweza kufunga mkate kwenye shati lake jua la saa saba na mkate ukafika mkavu.

"Akisimama, mikono huiweka wapi? Nataka kujua habari ya mifuko."

"Wa kulia huwa mfukoni. Anachezea funguo humo mpaka mfuko unatoboka."

Kaka husimama mikono nyuma, kama mwalimu mkuu anayekagua kucha.

Nikaanza kukohoa. Nikasema kwamba fundi amenichoma, ingawa fundi alikuwa mbali anaandaa chaki. Nikasema nina kiu. Nikauliza kama sanamu za madukani nazo huwa zinakwenda chooni. Hakuna aliyenisikiliza. Nesi alikuwa amezama mahali, na fundi naye alikuwa amenogewa.

"Na kukaa je?"

"Hakai," akasema, na sauti yake ikalainika vibaya sana. "Anajitupa. Halafu anakunja mguu mmoja chini ya mwingine kama mtoto, anaanza hadithi zake."

Shangazi alikuwa anajipepea kwa kadi ya bei. Kadi ikasimama.

Akasema polepole kwamba yule kijana wake hana hadithi. Tangu utotoni ukimuuliza habari hujibu nzuri, basi. Na jasho hana. Na yeye ndiye aliyemfulia.

Nesi akainua uso. Niliona damu ikimpanda shingoni. Akasema samahani, amechoka, alikuwa zamu, huenda amemchanganya na mgonjwa mmoja wodini. Fundi akacheka, akasema huyo mgonjwa kweli amepata uangalizi. Shangazi naye akatabasamu, lakini kwa meno tu.

Nilitaka kushuka. Fundi akanirudisha kwa kunishika kiunoni. Alisema taa ya dukani ni mwongo mkubwa, rangi huchaguliwa kwenye mwanga wa nje, kwa hiyo wakanishusha na kunikokota hadi mlangoni, huku na huku nimeshikwa viwiko kama mwizi wa kuku. Wapita njia wakanitazama. Nikawapungia kwa vidole, ndivyo pekee vilivyokuwa huru.

Nesi akaambiwa aniwekee vitambaa begani, kimoja kimoja, tuone. Akaanza na ile bluu ya Shangazi. Ikanikalia kama blanketi la hospitali. Kisha akachukua ya kijivu, sufu nyepesi yenye ubuluu kwa mbali, ambayo ukiisogeza inabadilika kama maji yaliyopitiwa na wingu. Akaipitisha juu ya bega, akaishusha kifuani, akalainisha ukingo karibu na shingo. Sikupumua, na safari hii hakuna aliyenikataza. Ili kitambaa kisidondoke akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake viwili vikaangukia pale pale manesi wanapoviweka.

"Mapigo yako yanakimbia," akanong'ona.

"Yanajua pa kukimbilia. Mimi ndiye nimefungwa."

"Nilikukataza."

"Hujacheka bado."

Hakucheka kweli. Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa vile. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama kwenye kituo, basi lake limeshawasha injini, na anajua akipanda halishushi njiani. Vidole vikabaki palepale kwenye kifundo. Nadhani alikuwa ameshasahau kuhesabu.

Nyuma yetu fundi akapiga makofi. Kijivu imemng'arisha kijana, akasema. Uso umefunguka kama aliyelipiwa madeni. Hapo ndipo Shangazi akaja, akasimama kati ya mimi na mwanga.

"Mchumba wako ni mweusi tii," akamwambia Nesi. "Kijivu hiki kwake kitamfanya kama mtu aliyemwagikiwa majivu. Wewe unajua. Si unamjua?"

"Namjua, Shangazi."

"Basi hiki kitambaa unamchagulia nani?"

Nesi akatazama kitambaa, akanitazama mimi. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye wangu, umenikaza. Sikuvumilia. Katika maisha yangu nimeshatoa watu wengi kwenye aibu kwa mzaha, lakini siku ile nilipoingiza mkono kwenye ghala la mizaha nikakuta hamna kitu. Nikaambulia ukweli.

"Ananichagulia mimi," nikasema. "Na mimi nampenda, Shangazi. Nampenda kweli."

Kisha Shangazi akacheka.

Alicheka kwa sauti kubwa, akajipiga paja, akamwambia fundi asikie mambo ya huyu mtoto. Fundi akajiunga, tumbo likaruka ruka, akasema shemeji ni shemeji, hata kwao yuko mmoja hivi hivi, kila harusi anatangaza kwamba bibi harusi ni wake. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikaapa. Fundi akafuta machozi kwa ncha ya futi yake ya kupimia, akaniambia nina kipaji, nitafute redio.

Hapo nilijua maana ya kufungwa. Pini zilikuwa mchezo. Nilikuwa nimejijengea gereza kwa mikono yangu, tofali kwa tofali, kila kichekesho tofali, na sasa nilikuwa napiga kelele ndani na watu nje wanapiga makofi.

Nesi peke yake hakucheka. Aliachia kifundo changu, akakunja kijivu, akakirudisha kwenye benchi.

Shangazi alikuwa ameshatoa simu. Akasema tuache michezo, tumuulize mwenye suti. Akampigia kaka, akaweka spika, sauti ya kaka ikajaa duka zima, na nyuma yake mashine zinanguruma. Akatusalimia wote, mmoja mmoja, kwa mpangilio, kama kawaida yake. Shangazi akamweleza habari ya bluu, jinsi isivyokunjamana. Kaka akasema ni sawa, lakini Nesi ndiye aseme. Lolote atakalochagua Nesi, yeye atavaa, hata gunia. Kisha akauliza kama mdogo wake amesimama vizuri.

"Amesimama," Shangazi akajibu.

"Mwambie ahsante. Mwambie nitamrudishia mwili wake ukiwa mzima."

Ulikuwa utani. Kaka yangu asiye na hadithi alikuwa amejaribu kutania, kwa ajili yangu, na nikashindwa hata kutabasamu kwa adabu.

Fundi akatandaza bluu juu ya meza kubwa. Akaipiga kwa kiganja, akachora mstari kwa chaki, akachukua mkasi, akauingiza ukingoni na kusubiri. Wote tukamtazama Nesi. Mahali pale hapakuwa na pa kwenda. Mbele meza, nyuma majora hadi kwenye dari, pembeni Shangazi na mkoba wake.

Nesi akaomba simu. Akazima spika, akatoka nje, akavuta mlango wa kioo nyuma yake.

Nikaanza kumfuata. Pini zikaniingia ubavuni, mkono wa koti ukanaswa kwenye meza, nikakwama. Kupitia kioo nilimwona mgongo wake tu. Alikuwa anazungumza akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mkono wenye simu. Akasikiliza kwa muda mrefu. Akazungumza tena.

Shangazi alisogea akasimama karibu nami, macho yake kwenye kioo kile kile. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni.

"Nilikusikia," akasema chini chini. "Nilikusikia tangu mara ya kwanza."

Nikamgeukia.

"Sasa ulicheka nini?"

"Ulitaka nilie mbele ya fundi?" Akanitoa uzi kwenye kola, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. "Mama yenu amezaa wawili tu. Nikikubali nimesikia, jioni ya leo sina familia. Kwa hiyo ulitania, mwanangu. Umeelewa? Ulitania, sisi tukacheka, tukaenda nyumbani."

"Na yeye?"

"Atazoea. Mimi nilizoea."

Sikujua hilo. Miaka yote niliyomjua Shangazi sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuzoea. Nilitaka kumuuliza, lakini mlango ukafunguka.

Nesi aliingia taratibu. Macho yalikuwa makavu, ila midomo imepauka. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, kioo chake kinawaka.

"Weka mkasi chini, Fundi," akasema.

Fundi akautoa mkasi kwenye kitambaa bila kuuliza. Shangazi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeziba maji kwa kiganja, kuna nini tena, si tumeshaelewana, si bluu?

"Bluu ni nzuri, Shangazi. Atakuja kuivaa siku moja. Ila si kwa ajili yangu."

"Kwa sababu ya maneno ya huyu? Huyu si unamjua, kila siku anachekesha watu."

"Namjua," Nesi akasema. "Ndiyo maana sikucheka."

Akaja hadi niliponaswa. Mikono yangu yote miwili haikuwa na faida. Mmoja umebanwa na meza, mwingine umejaa pini mpaka kwapani. Kwa hiyo akainua simu yeye mwenyewe, akaniwekea sikioni, akaishikilia hapo. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Anakutaka wewe," akaninong'oneza.

Huko upande wa pili mashine zilikuwa zimenyamaza. Nadhani alikuwa amesogea mbali na wenzake. Nilisikia pumzi yake, ninayoijua tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.

"Mdogo wangu," kaka akasema. "Niambie ni utani."

Kuniagiza aliniagiza mengi; hili ndilo pekee alilowahi kuniomba. Nami nilikuwa nalo, jepesi, liko tayari kwenye ncha ya ulimi; neno moja tu, na kila mtu aliyekuwemo dukani mle angepumua. Shangazi alinitazama akitikisa kichwa juu na chini, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusema. Nesi hakunitazama. Alikuwa ameinamisha uso, anasubiri.

"Si utani, kaka."

Nikasubiri akate simu. Hakukata. Akabaki pale anapumua, na mimi nikabaki nimesimama ndani ya koti lake.